Vifaranga wanafia ndani ya ganda siku za mwisho: niongeze unyevu au joto?

*“Habari za kazi, mtaalamu. Nina mashine ya kutotolesha ya mayai 88, ina feni na inageuza mayai yenyewe. Niliweka mayai ya kuku wa kienyeji kwa joto la nyuzi 37.8 na unyevu wa asilimia 65 tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho, maana niliambiwa kifaranga akikosa maji hukauka akashindwa kutoka. Siku ya 8 nilimulika mayai kwa tochi nikatoa 11 yasiyo na kitu. Kati ya 77 yaliyobaki walitoka vifaranga 34 tu, wa kwanza siku ya 22 na wa mwisho siku ya 23 usiku. Wengi walikuwa wamelowa na kunata, tumbo kubwa na laini, kitovu hakijafunga. Nilipovunja yaliyobaki nikakuta vifaranga waliokamilika kabisa, wana manyoya, wamekufa. Wachache tu walikuwa wametoboa ganda. Rafiki yangu anasema nipandishe unyevu hadi 75 muda wote. Fundi aliyeniuzia mashine anasema niongeze joto hadi 38.5. Nifuate la nani? Na umeme ukikatika usiku nifanyeje?”*

Pole sana kwa hasara hiyo. Kwa sasa usifuate la yeyote kati yao. Dalili ulizozieleza ni za vifaranga waliobaki na maji mengi mno mwilini, kwa hiyo unyevu wa 75 ungekuongezea vifo. Kuhusu joto, fundi wako ana hoja ndani yake, kwamba huenda mayai yalipata joto pungufu, lakini dawa aliyokupa ni ya hatari. Namba iliyo kwenye kioo cha mashine haijathibitishwa, na huwezi kurekebisha kitu ambacho hujakipima.

Kwanza tuyatenge mayai 11 uliyoyatoa siku ya 8. Hayo kwa sehemu kubwa si kesi ya mashine. Yai lisilo na mbegu, au lile ambalo kiinitete chake (kifaranga kinachoanza kuumbika) kilikufa siku za mwanzo kabisa, linahusu zaidi jogoo, umri wa mayai na namna yalivyohifadhiwa. Moja katika nane si balaa. Kesi ya mashine ni haya 43. Mashine inayoendeshwa vizuri hutoa vifaranga 80 au zaidi katika kila mayai 100 yenye mbegu. Wewe umepata 44.

Sasa tuingie ndani ya yai. Ganda lina maelfu ya vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho, na kupitia humo yai hutoa mvuke wa maji tangu siku linapotagwa. Upotevu huo ni wa lazima. Yai la kuku linatakiwa lipoteze karibu asilimia 12 hadi 13 ya uzito wake kufikia siku ya 18, na yote hayo ni maji. Nafasi inayoachwa hujazwa na hewa katika upande butu wa yai: ndio mfuko wa hewa unaouona ukimulika. Kati ya siku ya 19 na 20 kifaranga hutoboa utando wa ndani, huingiza mdomo katika mfuko huo na kuvuta pumzi yake ya kwanza kwa mapafu. Kabla ya hapo alikuwa akipata hewa kupitia mishipa ya damu iliyotandaa chini ya ganda. Ni kipindi kifupi cha kubadilisha njia ya kupumua, na hewa iliyomo mfukoni ndiyo akiba yake mpaka atakapotoboa ganda.

Ukiweka unyevu wa 65 kwa siku zote 18, yai halipotezi maji ya kutosha. Mfuko wa hewa unabaki mdogo. Kifaranga anakuwa mnene kwa maji, amebanwa, hana nafasi ya kugeuka, na anapotoboa utando anakutana na hewa kidogo, au hata majimaji yanayomzamisha. Anakufa akiwa amekamilika, pengine saa chache kabla ya kutoka. Anayefanikiwa kutoka anatoka amelowa, ananata ute, tumbo limejaa kiini cha njano ambacho hakikuingia vizuri, na kitovu kiko wazi. Hayo ni maelezo yako mwenyewe, karibu neno kwa neno.

Ushauri wa rafiki yako una chanzo chake, kwani kuna vifaranga wanaofia ndani kwa ukavu. Ila hao huacha alama nyingine. Yai la aina hiyo huwa jepesi, mfuko wa hewa unachukua karibu theluthi ya yai au zaidi. Kifaranga ni mdogo, utando umekuwa mgumu kama karatasi na umemgandia kwenye manyoya, na mara nyingi alikwisha kutoboa ganda akakwama hapo hapo, hawezi kuzunguka. Wako hawakufika huko. Wengi hawakutoboa kabisa. Mtu akiona kifaranga mfu ndani ya ganda na asivunje mengine kuangalia, ni rahisi kukimbilia maji.

Jambo ambalo wafugaji wengi hawaambiwi ni kwamba asilimia ya unyevu si shabaha. Shabaha ni uzito wa yai. Unyevu ni bomba tu la kufungulia au kufungia upotevu wa maji. Mayai mawili katika trei moja, hewa ile ile, yanaweza kupoteza maji kwa kasi tofauti, kwa sababu ganda jembamba au lenye vitundu vingi huachia haraka, na yai dogo hupoteza kwa kasi kuliko kubwa kwa kulinganisha na uzito wake. Mayai ya kienyeji huwa na ukubwa na maganda ya kila namna, hivyo namba uliyosoma kwenye karatasi ya mashine huenda ilipangwa kwa mayai mengine kabisa. Mizani ya jikoni ya dijitali inayopima kwa gramu moja itakusaidia kuliko ushauri wa watu kumi.

Fanya hivi. Siku ya kuweka mayai, chagua 10 ya ukubwa wa kati, yape namba kwa penseli (usitumie kalamu ya wino mzito), yapime moja moja na uandike, kisha jumlisha. Tuseme jumla ni gramu 480. Asilimia 12 kwa siku 18 ni kama asilimia 0.67 kwa siku. Maana yake siku ya 6 mayai hayo yanatakiwa kuwa karibu gramu 461, siku ya 12 karibu 442, na siku ya 18 karibu 422. Ukikuta gramu 468 siku ya 6, yamepoteza kidogo mno: punguza maji. Ukikuta 453, yanakauka haraka: ongeza. Siku ya 12 unapima tena na kusahihisha. Hata yai likikosea siku sita za kwanza, kuna muda wa kulirudisha kwenye mstari, kwani kinachohesabiwa ni jumla ya upotevu hadi siku ya 18. Ukiliondoa yai bovu katika yale kumi, toa na uzito wake wa mwanzo kwenye hesabu. Ndiyo sababu nimesema uyapime moja moja. Upimaji wenyewe usizidi dakika chache, na mikono iwe safi na mikavu.

Namba ya kuanzia kwa mashine yako yenye feni iwe asilimia 45 hadi 50 kwa siku 18 za kwanza, kisha 65 hadi 70 kwa siku tatu za mwisho. Nasema ya kuanzia, kwa sababu mizani inaweza kukupeleka 40 au 55, na ikikupeleka huko uifuate.

Unayapataje hayo? Hapa watu hukosea kwa kujaza maji. Kina cha maji hakiongezi unyevu; kinachoongeza ni upana wa uso wa maji unaokutana na hewa. Kisahani kipana chenye maji ya sentimita moja hutoa mvuke mwingi kuliko kopo refu lililojaa hadi juu. Ukitaka kupunguza, tumia chombo chenye mdomo mdogo, au funika sehemu ya chombo kwa karatasi ya alumini. Ukitaka kuongeza siku za mwisho, weka chombo cha pili, au simamisha kipande cha sponji safi ndani ya maji ili uso uongezeke. Maji ya kuongeza yawe ya uvuguvugu, kama nyuzi 38 hivi, na ukiweza yapitishe kwa mrija kutoka nje bila kufungua mlango.

Hali ya hewa ya chumba ina nguvu kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Hewa ikipashwa moto, unyevu wake wa asilimia hushuka hata kama hakuna tone lililoondoka, kwa sababu hewa ya moto ina uwezo wa kubeba mvuke mwingi zaidi. Hewa ya chumba chenye nyuzi 25 na unyevu wa 60, ikiingia katika mashine na kufika nyuzi 37.5, inabaki na unyevu wa asilimia 30 tu. Hapo lazima uweke maji. Lakini hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa 80 ikipashwa hadi 37.5 inakuwa na asilimia 53 tayari, yaani huhitaji maji hata kidogo kwa siku 18, na ukiweka chombo unaharibu. Kwa hiyo anayetotolesha sehemu kavu na anayetotolesha sehemu yenye joto na mvuke wanaweza kupeana ushauri kwa nia njema wakaangamizana. Mashine ile ile, mahali pale pale, itataka maji tofauti wakati wa mvua na wakati wa kiangazi.

Na usizibe matundu ya hewa ili kushikilia unyevu. Kiinitete cha siku za mwisho kinatumia oksijeni nyingi na kutoa hewa chafu nyingi kuliko cha wiki ya kwanza. Wakati ambao watu hupenda kuziba matundu ndio wakati vifaranga wanapoyahitaji zaidi. Unyevu ukishuka, ongeza uso wa maji.

Kabla ya kuamini asilimia 65 yako, jaribu kipima unyevu chenyewe. Weka chumvi ya kawaida kwenye kizibo cha chupa, ongeza matone ya maji mpaka iwe kama mchanga mbichi lakini isiyeyuke yote. Weka kizibo hicho pamoja na kipima unyevu ndani ya chombo cha plastiki kinachofunga vizuri, bila kugusana, ukiache mahali pasipo na jua kwa saa 8 au zaidi. Hewa iliyomo itatulia kwenye asilimia 75. Kikisoma 68, kinapunguza 7, na wewe utakuwa ukiongeza 7 kwa kila unachosoma. Kikiwa kimepotoka kwa zaidi ya 10, kibadilishe. Kama kihisi cha mashine (kile kijisehemu kinachopima hewa ya ndani) hakitoki, nunua kipima unyevu kidogo cha pembeni, kithibitishe kwa chumvi, kisha kilinganishe na kile cha mashine kwa kuviweka pamoja ndani.

Wanaopenda njia ya zamani wanaweza kutumia kipimajoto chenye utambi: kipimajoto cha kawaida kilichovikwa kitambaa cha pamba safi ambacho ncha yake iko kwenye maji, kikiwa mahali feni inapopuliza. Mashine ikiwa nyuzi 37.5, utambi ukisoma 28 hadi 28.5 unyevu ni kama asilimia 50; ukisoma 32 ni kama 68. Utambi ukiingia uchafu au chokaa ya maji hudanganya kwa kuonyesha unyevu wa juu, kwa hiyo ubadilishe mara kwa mara.

Tuje kwenye joto. Katika mashine yenye feni, mayai ya kuku huhitaji nyuzi 37.5, na wengi hutembea kati ya 37.4 na 37.7 bila tatizo. Kama kweli mayai yako yangekaa kwenye 37.8 muda wote, vifaranga wangetoka kwa wakati au mapema kidogo, siku ya 20 au 21. Wako walianza siku ya 22 wakamaliza ya 23. Hilo halipatani na kioo chako.

Ila hakiki hesabu ya siku kwanza. Siku ya kwanza inatimia baada ya saa 24. Mayai yaliyowekwa Jumatatu jioni yanatimiza siku ya kwanza Jumanne jioni, na siku ya 21 huangukia Jumatatu. Kama uliita siku ya kuweka “siku ya 1”, basi 22 yako ni 21 na kuchelewa kwako ni kudogo. Pia kukatika kwa umeme huchelewesha, na mayai yaliyokaa muda mrefu kabla ya kuwekwa huchelewa kwa saa kadhaa. Ukiyaondoa hayo yote na bado wakawa wamechelewa kwa siku moja na nusu, mayai yalikuwa baridi kuliko kioo kinavyosema. Joto pungufu lenyewe huleta tumbo kubwa na kitovu kibovu, hivyo katika mashine yako inawezekana makosa mawili yalishirikiana.

Kwa nini basi nisikubali 38.5? Namba hiyo ni ya mashine isiyo na feni. Bila feni hewa ya moto hupanda juu na ya baridi hukaa chini, hivyo kipimajoto huwekwa usawa wa mgongo wa juu wa mayai na husoma 38.3 hadi 38.9 ili katikati ya yai pafikie joto linalotakiwa. Feni ikichanganya hewa, tofauti hiyo haipo na 38.5 huzunguka yai zima. Kiinitete huvumilia baridi ya muda kuliko joto la ziada. Nyuzi moja ya ziada kwa siku nyingi huleta vifaranga wa mapema, wadogo, wenye vidole vilivyopinda na kitovu chenye damu, na vifo vingi. Ikipanda hadi 40 na zaidi kwa saa kadhaa katika wiki ya mwisho, unaweza kupoteza trei nzima.

Kipimajoto cha kukihukumu kile cha mashine huenda tayari unacho: kile cha dijitali cha kupimia homa. Kimetengenezwa kuwa sahihi hasa kati ya nyuzi 35 na 42, na hukosea kwa sehemu ya kumi ya nyuzi tu. Chukua kikombe kikubwa cha maji ya vuguvugu, koroga, pima mpaka upate karibu 37.5. Kama kihisi cha mashine yako ni kile cha kichwa cha chuma kisichoingiza maji, zima umeme kwanza, kitoe, ukitumbukize karibu na ncha ya kipimajoto, washa kidhibiti (kile chenye kioo, kinachowasha na kuzima hita) na ukoroge huku ukisoma vyote viwili. Kama kihisi kimeunganishwa na kile cha unyevu, ambacho kina kifuniko chenye matundu, usikiloweshe kamwe: badala yake chukua kipimajoto kingine, kihakiki kwanza kwa kile cha homa ndani ya kikombe hicho, kisha kifunge pembeni yake ndani ya mashine, uache saa mbili, kisha linganisha. Vidhibiti vingi vina sehemu ya kusahihisha usomaji, tumia hiyo. Kama hakina, bandika karatasi mlangoni: “kikisoma 38.1, ukweli ni 37.5.”

Usiishie hapo. Weka kipimajoto hicho kilichohakikiwa kwenye usawa wa mayai katika pembe zote nne na katikati, angalau saa moja kila mahali, mashine ikiwa tupu na imewashwa tangu jana yake. Tofauti ya nyuzi 0.3 ni ya kawaida. Ikizidi 0.5, angalia kama feni imejaa vumbi au inazunguka polepole, kama mlango una mwanya, kama kihisi kiko jirani na hita au balbu. Kihisi kilicho karibu na hita huzima moto mapema na mayai ya pembeni hubaki baridi. Nadhani hapa ndipo penye kosa lako, ila kipimo ndicho kitakachoamua. Mahali pake ni usawa wa mayai, njia ya upepo wa feni, mbali na hita. Tazama pia ule upana wa kuzima na kuwasha kwenye kidhibiti, yaani tofauti kati ya joto ambalo hita huzimika na lile ambalo huwaka tena. Ukiwekwa nyuzi 1, joto hupanda na kushuka sana, uweke 0.1 hadi 0.3. Feni iwe inazunguka muda wote, hata hita ikiwa imezimika.

Ukifungua mlango, kioo kitashuka hadi 34 au chini ya hapo, na utashikwa na hamu ya kubonyeza vitufe. Acha. Kinachopoa ni hewa. Yai lina uzito na maji, linapoa polepole sana. Funga mlango na ndani ya dakika chache litakuwa limesahaulika. Wanaoharibu ni wale wanaopandisha joto kila wakifungua, kisha wakasahau kulishusha.

Kuanzia kama siku ya 13 viinitete vyenyewe vinatoa joto la maana. Mashine iliyojaa itaonekana inawasha hita mara chache, na joto ndani ya yai linaweza kuzidi la hewa. Ndiyo maana siku tatu za mwisho hushushwa hadi nyuzi 37.2, au hata 37.0 kama trei zimejaa.

Siku ya 18 mulika kwa mara ya mwisho. Yai zuri limejaa kiza isipokuwa mfuko wa hewa, ambao mstari wake uko wazi na umeinama upande mmoja. Ondoa yaliyokufa, zima ugeuzaji, yalaze mayai kwenye trei ya kutotolea yenye uso usioteleza, pandisha unyevu, fungua matundu ya hewa zaidi, funga mlango. Ugeuzaji ulishafanya kazi yake, hasa katika wiki ya kwanza, ya kuzuia kiinitete kisigande kwenye utando. Sasa kifaranga anatafuta mkao wa kutokea. Unyevu wa juu wa siku hizi tatu si wa kumpa maji kifaranga. Ni wa kuulainisha utando baada ya ganda kutobolewa, usikauke akiwa bado anazunguka.

Kati ya kutoboa na kutoka huchukua saa 12 hadi 24, na sehemu kubwa ya muda huo kifaranga anaonekana hafanyi lolote. Anafanya: anarudisha damu iliyoko kwenye mishipa ya utando na kuvuta kiini cha njano ndani ya tumbo. Ukimsaidia mapema mishipa hukatika na kiini hubaki nje. Kama saa 24 zimepita tangu atoboe na hakuna maendeleo, panua tundu kidogo kwa kuondoa kipande cha ganda tu, uangalie utando. Ukiona mishipa myekundu au damu, simama, lowesha kidogo kwa maji ya vuguvugu, mrudishe. Waliokwisha kutoka wanaweza kukaa ndani mpaka wakauke. Kiini walichokivuta huwatosha hadi saa 48, kwa hiyo hakuna sababu ya kufungua mlango kila anapotoka mmoja na kuwakaushia utando wenzake.

Umeme ukikatika, swali la kwanza ni mayai yana umri gani. Chini ya siku 12 au 13, funga mlango, funika mashine kwa blanketi ukiacha matundu wazi, na usichungulie. Viinitete hustahimili saa kadhaa za kupoa, watachelewa kidogo. Kama ni usiku mzima, weka chupa za maji ya moto zilizofungwa vizuri chini ya trei, zisiguse mayai. Kuanzia siku ya 15 hivi, mashine ikiwa imejaa, hatari ya kwanza hugeuka: feni imesimama, mayai yenyewe yanatoa joto, hewa safi haiingii. Usifunike kwa blanketi zito. Acha matundu yote wazi, na chumba kikiwa na joto fungua mlango kidogo kwa dakika chache mara kwa mara. Umeme ukirudi, rudi kwenye 37.5 ile ile; kupandisha joto “kufidia” ni kuua waliosalimika. Mulika baada ya siku 3 au 4 kabla ya kutupa chochote. Kama umeme hukatika kila wiki, betri na inveta zitalipa gharama yake: betri ya volti 12 na Ah 100 ikitumiwa hadi nusu hutoa kama wati-saa 600, na mashine inayotumia wastani wa wati 80 itaendeshwa saa 6 hadi 7, kwani inveta nayo hula sehemu yake.

Kuhusu mayai yenyewe kwa kifupi: yakusanywe ndani ya siku 7, yakae nyuzi 15 hadi 18, ncha kali chini, yasioshwe. Chumba kikizidi nyuzi 21 hivi, viinitete huanza kukua kidogo na kusimama, vikadhoofu kabla hujaviweka. Na kama unawaza kuchanganya mayai ya kanga au bata katika mashine hiyo hiyo, subiri kwanza kuku watoke vizuri. Kware huchukua siku 17 au 18, kanga 26 hadi 28, bata mzinga 28, bata wengi 28, na siku zao za unyevu wa juu zitagongana.

Kabla ya kuweka mayai mengine, safisha mashine yote, ihakiki kama nilivyoeleza na iache iendeshe tupu saa 24. Kisha weka nusu trei tu, si mayai 88, na uyafuate kwa mizani.

Kuna mambo ambayo mimi kutoka hapa siwezi kuyaona. Nyaya zilizoungua, swichi inayotoa cheche au mashine inayokupiga shoti ukigusa maji ni kazi ya fundi umeme, na usiweke hata yai moja kabla hajaja. Na kama baada ya kurekebisha joto na uzito bado unapata vifo vingi kati ya siku ya 8 na ya 17, au viinitete vyenye ulemavu, au vifaranga wanaokufa wiki ya kwanza wakiwa na kinyesi cheupe kilichoganda nyuma na vitovu vinavyonuka, tatizo linaweza kuwa kwenye kuku wazazi: lishe pungufu ya vitamini na madini, au ugonjwa unaopita kwenye yai, kama ule wa kuhara kweupe unaosababishwa na bakteria wa Salmonella. Chukua mayai matano au sita yaliyokufa bila kuyavunja na vifaranga waliokufa siku hiyo hiyo, uviweke kwenye mifuko miwili ndani ya chombo chenye barafu, uvipeleke kwa daktari wa mifugo au maabara ya mifugo. Wazazi nao watahitaji kupimwa damu. Mpaka majibu yatoke, usiweke mayai ya kundi hilo na usimuuzie mtu vifaranga wake.